UZI MAALUM: Majani yanapukutika, ndege na wadudu wako safarini (Portland, Uingereza mpaka nyumbani)

#1 Bi Kitwitwi

Wakuu salaam. Nasoma sana humu ila leo nimeamua nifungue uzi wangu mwenyewe maana hili jambo limenijaa kifuani na kule kazini hakuna wa kumwambia.

Niko kusini mwa Uingereza, Dorset, kazi yangu ni kutunza wazee na shifti zangu nyingi ni za usiku. Wenzangu wakitoka asubuhi wanaenda kulala, mimi kama hakuna mvua nachukua darubini na kamera napanda basi mpaka Portland, kulala nitalala mchana. Kwa msiopajua, Portland ni kama kisiwa cha jiwe tupu kilichoingia baharini, kimeshikana na bara kwa ukanda wa kokoto unaitwa Chesil Beach, karibu kilomita 29 zote kokoto. Lile jiwe lake jeupe ndo lilijenga St Paul's Cathedral kule London. Sasa kwenye ncha ya kusini kabisa kuna minara ya taa, na mmoja wa zamani tangu 1961 umekuwa kituo cha ndege, wanakamata ndege kwa nyavu laini, wanawavisha pete mguuni, wanapima uzito, wanawaachia.

Kwanini pale? Kwasababu nchi kavu inaishia pale. Ndege anayetoka Uingereza kwenda kusini akifika kwenye ile ncha mbele yake ni maji mpaka Ufaransa, kwahiyo anasita, anatua, anakula kidogo, anasubiri upepo. Wewe kazi yako ni kukaa kwenye ukuta wa mawe na kuangalia.

Watu wengi huku, na sisi wageni tukifika tunaambukizwa, wanachukulia Septemba Oktoba ni msimu wa huzuni. Jua linazama mapema, majani yanaanguka, baridi inaanza kuuma vidole, basi wanasema kila kitu kinakufa. Mimi nawaambia hakuna miezi yenye uhai mwingi kama hii, ni vile tu uhai wenyewe uko njiani na njia yake iko juu ya vichwa vyetu, mara nyingi usiku. Nitaeleza kidogo kidogo, picha nitapandisha nikipata intaneti nzuri.

#2 Bi Kitwitwi

Nianze na mbayuwayu maana huyo kila mtu anamjua.

Kuanzia mwisho wa Agosti wanajipanga kwenye nyaya za umeme, wadogo na wakubwa, wale wa mwaka huu unawajua kwa mkia mfupi na koo lililopauka. Siku upepo ukigeuka ukawa wa kaskazini, mwepesi, na mbingu ikawa safi baada ya mvua kupita, basi asubuhi wanatiririka. Wanapita chini chini juu ya majani, wanafika kwenye ukingo, wanashuka karibu na maji na wanaendelea bila kugeuka nyuma. Mbayuwayu anasafiri mchana kwasababu anakula akiwa anaruka. Wale wadogo wanaokula wadudu kwenye majani, wengi wao wanaondoka usiku, na ndo maana jioni unaweza ukaacha kichaka kimejaa na asubuhi ukakuta hakuna hata mmoja, au ukakuta wengine kabisa.

Mbayuwayu ana gramu kama 20 tu. Na zamani hapa hakuna aliyekuwa na uthibitisho wa wanakokwenda mbayuwayu wa Uingereza. Mei 1911 wakili mmoja wa Staffordshire, John Masefield, alimvisha mbayuwayu pete nyumbani kwake, na Desemba 1912 yule ndege akapatikana shambani Natal, Afrika Kusini. Pete moja ndogo ikafunga ubishi.

Kwahiyo yule unayempiga picha Portland Septemba, Krismasi anaweza kuwa Afrika Kusini. Ila niseme wazi, wale mnaowaona Dodoma au Nakuru wengi wao wanatoka mashariki zaidi ya hapa, ndege wa Uingereza kwa kawaida wanateremkia upande wa magharibi wa bara letu. Nalisema hili kwasababu watu wanapenda kuniambia "huyo ndo wetu" na mimi napenda iwe hivyo ila sio hivyo.

Wetu kweli kweli ni kekeo. Tangu 2011 wanawafunga kekeo wa Uingereza vifaa vidogo vinavyosomwa na setilaiti, na imeonekana miezi ya baridi wanakaa misitu ya bonde la Congo. Ndugu zangu wa Congo mlioko humu, hao wageni wenu. Wakubwa wanaondoka mapema sana, Juni Julai, na watoto wao wanafuata baadaye peke yao, na hawajawahi kuwaona wazazi wao kwasababu wamelelewa na ndege wa aina nyingine. Njia ya Congo wamezaliwa nayo. Nikilifikiria hilo nakosa maneno.

#3 Baba Rehema

Dada hongera kwa uzi, umeandika vizuri. Ila niulize bila ubaya, mtu umekesha na wazee usiku kucha, unaenda kuangalia ndege badala ya kulala au kutafuta shifti nyingine. Unapata nini hapo? Sisi huku Bongo mtu akibeba darubini tunajua ni mzungu au ni mtafiti analipwa.

#4 Bi Kitwitwi

Kaka Baba Rehema swali zuri na halina ubaya. Hela sipati hata senti. Ila sio kweli kwamba ni mambo ya wazungu. Mimi nimezaliwa Lushoto, bibi yangu alikuwa anajua ndege gani akilia mvua iko karibu na ndege gani akilia kuna nyoka kichakani, na hakuwahi kushika darubini. Nikiwa Portland nafanya kile kile alichokuwa anafanya yeye, nimeongeza kamera tu.

Na kuna la pili. Kazi yangu ni ya kukaa na watu walio mwishoni. Naipenda na naiheshimu, lakini ukitoka pale saa moja asubuhi unahitaji kuona kitu kinachoanza safari. Gramu 20 zinaondoka kwenda Afrika Kusini, mimi nimesimama nashuhudia, hiyo inanitosha na kulala nalala vizuri.

#5 Baba Rehema

Nimekuelewa dada. Endelea, niko hapa.

#6 Bi Kitwitwi

Sasa wadudu, na hapa nitakaa sana maana watu wanawapuuza.

Kuna mmea unatambaa kwenye kuta na miti, kijani mwaka mzima, unaitwa aivi. Wenye nyumba wengi hawaupendi wanasema unaharibu ukuta. Maua yake hayavutii, ni vidonge vidonge vya kijani-njano, lakini yanachanua Septemba mpaka Novemba wakati maua mengine karibu yote yamekwisha. Kwahiyo kila mdudu aliyebaki anakuja pale. Siku yenye jua ukisimama mbele ya aivi iliyochanua, kelele ya mabawa unaisikia kabla hujaona kitu.

Mimi nina ukuta wangu mmoja, uko njiani kuelekea kwenye mnara, unatazama kusini na upepo wa bahari haufiki. Sihami. Wapiga picha wengi huku wana magrupu ya simu, ikitangazwa kuna ndege adimu sehemu fulani wanakimbia na magari kilomita mia mbili, wanapiga picha wanarudi. Siwalaumu, ila mimi naamini ukuta mmoja unaorudi kila wiki unakufundisha zaidi, kwasababu unaona nani kafika, nani kaondoka, nani kachelewa.

Wiki za mwanzo wanatawala nyuki wa aivi, Colletes hederae. Huyu nyuki hana mzinga wala malkia, kila jike anachimba shimo lake kwenye udongo wa mchanga, ingawa wanachimba jirani jirani mpaka kilima kizima kinakuwa kimetobolewa. Ana mistari ya rangi ya asali tumboni na manyoya ya kahawia mgongoni, mzuri sana kwenye picha. Wanasayansi walimtambua kuwa ni aina ya peke yake mwaka 1993 tu, na hapa Uingereza alionekana mara ya kwanza 2001, hapa hapa Dorset, leo amesambaa sehemu kubwa ya kusini na anaendelea kupanda juu. Madume yanatoka kwanza yanazunguka juu ya mashimo yakisubiri majike, na jike akitoka wanamrukia kwa wingi mpaka wanakuwa donge linaviringika chini. Kufika Novemba wakubwa wote wamekufa. Watoto wako chini ya ardhi na chakula cha chavua alichowawekea mama, watatoka mwakani aivi ikichanua tena.

Wengine wanaokuja hapo ukutani ni nyigu, nzi wa maua wale wenye mistari ya njano wanaosimama hewani bila kuyumba, vipepeo weusi wenye mkanda mwekundu kwenye bawa, na mavu. Mavu haji kwa ajili ya utamu peke yake, anakuja kuwinda. Anazunguka mbele ya maua taratibu, ghafla anadaka nzi, anakwenda kujining'iniza kwa mguu mmoja kwenye jani, anakata mabawa na miguu anabakiza kifua anakipeleka kwenye kiota. Hiyo picha nimeipata na ndo ninayoipenda kuliko zote.

#7 Mtu wa Voi

Dada Kitwitwi, hii thread imenifurahisha sana. Mimi niko upande ule mwingine wa hiyo safari, huku Voi.

Kwenye mbuga ya Tsavo West kuna loji inaitwa Ngulia, iko juu ya kilima. Tangu mwaka 1969 kila Novemba na Desemba watu wanakuja hapo kuvisha ndege pete. Vile inafanyika ni hivi, usiku usio na mwezi ukungu ukishuka, ndege wanaotoka Ulaya na Asia wanaopita juu wanapoteza dira, wanavutwa na mwanga wa taa za loji, wanashuka kwa maelfu kwenye vichaka. Asubuhi nyavu zinajaa. Hakuna mahali pengi duniani unaona kitu kama hicho. Bila ukungu wanapita tu juu na hutajua hata walikuwepo.

Kuna mmoja mdogo wa kahawia, hana urembo wowote, Acrocephalus palustris. Huyu anazaa Ulaya, anakuja kupitia kwetu kwenda kusini zaidi. Dume lake linaimba kwa kuiga ndege wengine, na mtafiti mmoja wa Ubelgiji miaka ya sabini alichambua nyimbo zake akakuta zaidi ya nusu ya wale wanaoigwa ni ndege wa Afrika. Yaani anasimama kwenye majani marefu huko Ubelgiji anaimba sauti za shore wa huku. Amejifunza akiwa mdogo safari yake ya kwanza.

#8 Bi Kitwitwi

Mtu wa Voi Mungu akubariki, hii ya nyimbo nilikuwa siijui vizuri hivyo. Ngulia nimeisikia kituoni Portland, wazee wa pale wanaitaja kwa heshima kubwa.

Na mimi nikuongezee moja inayohusu Kenya na Uganda. Kuna ndege mdogo anapenda kusimama kwenye mawe wima, kiuno cheupe, mkia mweusi kama herufi T iliyopinduliwa, Oenanthe oenanthe. Portland Septemba wamejaa kwenye kuta, anakubali kupigwa picha ukitulia. Hawa wa hapa wanakwenda Afrika Magharibi. Lakini wenzao wanaozaa Alaska, juu kabisa ya Marekani, hawateremki Amerika ya Kusini kama ungedhani. Wanakata Asia yote na Bara Arabu wanakuja kukaa Sudan, Uganda na Kenya. Walifungwa vifaa vya kupima mwanga mgongoni, matokeo yakatoka 2012, karibu kilomita 14,500 kwenda na nyingine hizo hizo kurudi. Ndege wa gramu 25.

#9 Tanga Pwani

Shikamooni wakubwa. Mimi sijui ndege sana ila nina swali la kerengende. Huku Tanga mvua za vuli zikikaribia wanajaa uwanjani, mamia, rangi ya kahawia-dhahabu, wanazunguka juu kwa juu hawatui. Babu anasema wanaletwa na kaskazi. Wanatoka wapi?

#10 Bi Kitwitwi

Marahaba mdogo wangu. Babu yako yuko sahihi kabisa na nitakueleza kwanini.

Huyo ni Pantala flavescens. Kuna mtaalamu wa viumbe vya bahari anaitwa Charles Anderson aliyeishi Maldivi, akawa anashangaa kila Oktoba kerengende wanafika kwa wingi kwenye visiwa ambavyo havina maji yasiyo ya chumvi ya kutosha wao kuzaliana. Akakusanya tarehe za kufika sehemu mbalimbali: kusini mwa India, Maldivi Oktoba, Shelisheli Novemba, kisha pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 2009 akaandika kwamba wanavuka Bahari ya Hindi, wanaruka juu sana, zaidi ya mita 1,000, wakibebwa na upepo wa kaskazini-mashariki. Upepo huo ndo kaskazi, ule ule uliokuwa unaleta majahazi. Wanafuata mvua kwasababu wanataga kwenye madimbwi ya muda, watoto wanakua haraka ndani ya wiki chache kabla dimbwi halijakauka. Mzunguko mzima wa kwenda na kurudi unafika kilomita 14,000 mpaka 18,000 na unachukua vizazi kadhaa. Mdudu wa sentimita 5.

Na majira hayo hayo kuna kozi wadogo wanatoka Siberia na kaskazini ya China, kozi wa Amur, nao wanavuka bahari hiyo hiyo kuja Afrika, na hao kozi wanakula kerengende. Ukiona kerengende wengi Novemba Desemba inua macho juu zaidi.

Huku nako ni hivyo hivyo, wadudu wanahama kuliko hata ndege. Mwaka 2016 ulitoka utafiti uliotumia rada kuhesabu wadudu wanaopita juu ya kusini mwa Uingereza, wakapata karibu trilioni 3.5 kwa mwaka, uzito wake tani 3,200. Wale nzi wa maua wa kwenye aivi, utafiti mwingine wa 2019 ulikadiria mpaka bilioni 4 wa aina mbili tu wanaingia na kutoka kila mwaka, na watoto wao wanakula vidukari kwenye mazao, yaani wanawafanyia wakulima kazi bure.

Na kipepeo Vanessa cardui, ambaye Tanga pia yupo. Watu huku miaka na miaka waliamini anakuja majira ya joto, anazaa, halafu baridi inawamaliza wote, kwasababu hakuna aliyekuwa anawaona wakirudi. Ikaja 2009 wakafika kwa wingi wa ajabu, rada zikawashwa, watu wa kawaida wakatuma taarifa kila walipomwona, ikagundulika wanarudi vizuri tu kusini ila wanapita zaidi ya mita 500 juu, jicho haliwafikii. Safari yote mpaka Afrika na kurudi ni kilomita kama 15,000, vizazi mpaka sita vinapokezana. Ndo maana nimeanza uzi kwa kukataa hayo maneno ya "kila kitu kinakufa". Walisema hivyo hivyo kuhusu huyu kipepeo, kumbe walikuwa hawajaangalia juu.

#11 Mpiga Picha Mdogo

Dada mimi nina kamera ya kawaida na lenzi ya 70-300. Tupe ujuzi, wadudu wangu wote wanatoka ukungu ukungu.

#12 Bi Kitwitwi

Hiyo lenzi inatosha kabisa. Wadudu wafuate asubuhi mapema kukiwa na baridi, hawana joto la kuruka kwahiyo wanatulia, kerengende unaweza kumkuta amelowa umande kwenye bua la jani na asisogee mpaka jua limpige. Jua likishapanda ni kukimbizana tu. Shuka mpaka macho yako yawe sawa na macho yake, na fokasi iwe kwenye jicho, mengine yote yakififia sio neno. Kivuli chako kisimguse, akikiona tu ameondoka. Mwanga wa majira haya unakuja wa pembeni karibu mchana mzima, laini, hauunguzi picha, huku ni zawadi kubwa. Nyumbani jua la saa sita halifai, tumia saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni.

Mbayuwayu anayeruka usishuke chini ya 1/2000 kwenye spidi ya shata, na usimfuate yule anayepita mbele yako karibu, mchague wa mbali anayekuja kwako.

Na hili naomba lichukuliwe kwa uzito. Ndege aliyetoka kuvuka bahari usiku amechoka na ana njaa, mafuta mwilini yamekwisha. Pale kituoni wakimshika wanapuliza manyoya ya tumboni kuangalia, mwenye akiba unaona njano chini ya ngozi, asiyekuwa nayo unaona msuli mwekundu tu na mfupa wa kifua umechongoka. Huyo kila dakika unayomfukuza kichaka hadi kichaka kwa ajili ya picha unamnyima chakula, anaweza kufa. Kaa mbali, subiri aje mwenyewe. Na usimpigie sauti za ndege kwenye simu ili atoke.

#13 Da Salma Leicester

Mdogo wangu, mimi ninayo hiyo aivi nyuma ya nyumba na mwenye nyumba anataka kuleta watu waikate mwezi huu. Nimwambie nini? Na usiku nasikia sauti nyembamba juu, tsiii, mara moja moja, nilidhani popo.

#14 Bi Kitwitwi

Dada Salma shikamoo. Popo wengi hatuwasikii kwa masikio haya. Kama ni Oktoba na wewe uko Leicester karibu hakika ni Turdus iliacus, ndege wa kahawia mwenye ubavu mwekundu na mstari mweupe juu ya jicho, wanatoka Skandinavia na Iceland kuja kupitisha baridi hapa. Wanaita hivyo gizani ili wasipoteane. Kwao Uingereza ndo nchi ya joto. Zima taa ukae nje dakika kumi usiku usio na upepo, utawasikia wengine.

Kuhusu aivi muombe asubiri mpaka mwisho wa Februari. Maua yakikatwa sasa wadudu wote hao wanakosa chakula cha mwisho. Baada ya maua zinakuja tunda nyeusi zinazoiva katikati ya baridi, na hao hao ndege wa ubavu mwekundu ndo wanazila wakati matunda mengine yamekwisha. Ikate baada ya hapo kabla ndege hawajaanza kujenga viota. Kwenye nyumba moja nilikopanga nilimuomba mwenye nyumba hivyo hivyo, alikataa, nikamwita asubuhi moja yenye jua akasimama mbele ya ule ukuta, tukakubaliana akate upande wa madirisha tu.

#15 Tanga Pwani

Shukrani sana dada. Sasa mwaka huu tukiwaona tufanye nini cha maana?

#16 Bi Kitwitwi

Andikeni. Tarehe ya kwanza mliyowaona, mahali, upepo ulikuwa unatoka wapi, mvua ilinyesha lini. Kerengende mpige picha moja kwa juu mabawa yakiwa yametandazwa na moja ya ubavuni, hapo anatambulika bila ubishi. Mbayuwayu andika tarehe ya kwanza kuwaona kwenye nyaya, na Machi Aprili ile ya mwisho. Kenya kuna Kenya Bird Map na kwetu kuna Tanzania Bird Atlas, zote zinahitaji taarifa za watu walioko mitaani, na maeneo mengi ya pwani na kusini taarifa ni chache. Muulize na babu kama anakumbuka miaka waliyochelewa, uandike na hiyo. Mkishapata wekeni humu humu kwenye uzi, mimi nitaweka tarehe za Portland pembeni yake.